Kitalu cha nyumbani hakipigwi dawa, cha sokoni kinapigwa. Nimjibu nini mama mboga?

Mshauri,

Natumaini u mzima wewe na wa kwako. Nina swali linalotaka jibu kabla ya Jumatatu, na hapa nyumbani sina wa kumwuliza.

Mimi na mume wangu tumekodi robo ekari upande wa Njiru, hapa Nairobi. Tunalima sukuma wiki na spinachi, na nyanya kidogo pembeni. Shamba hilo ndilo linalolipa nyumba, karo na mkopo wa chama. Sukuma tunaichuma kwa zamu: upande wa juu Jumatatu, upande wa chini Alhamisi. Mnunuzi wetu mkubwa ni mama mboga mwenye genge Kayole, tuliye naye chama kimoja.

Kupiga dawa ni kazi ya mume wangu. Chupa nzima ya lita ni ghali, kwa hivyo agroveti humpimia kwenye chupa ya soda na kumwambia aweke vifuniko viwili kwa pampu. Dawa ya viwavi huchanganya na ya madoa ya nyanya, na ya tatu ya kuyapa majani rangi nzito, zote kwenye pampu moja ya lita 20. Huvaa shati kuukuu, kaptura na ndara, na usoni hufunga kitambaa alichokilowesha maji. Pampu yenyewe inavuja pale mpira unapoingia kwenye tangi, hivyo akimaliza mgongo umelowa mpaka kiunoni. Jioni ya siku hiyo kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, mate yanamjaa mdomoni, na kope ya jicho la kushoto inachezacheza. Nampa maziwa anakunywa, analala. Asubuhi anasema lilikuwa jua. Dawa inayobaki hukaa kwenye rafu ya jikoni, juu, kwa sababu mtoto wetu mdogo ana miaka minne na hafiki pale.

Siku yake ya kupiga dawa ni Jumamosi. Jumatatu alfajiri tunachuma. Nilipomwambia nimesikia kwamba dawa ina siku zake za kungoja, alisema tukingoja majani yatazeeka, mama mboga atahamia shamba lingine, na chama hakitatungojea. Siwezi kusema hana hoja. Sukuma yenye matundu hainunuliwi, na iliyokomaa sana hainunuliwi.

Kinachoninyima usingizi ni kitalu cha nyuma ya nyumba. Ni mistari minne tu, hatua kama kumi kutoka shambani. Hakipigwi dawa hata tone. Mume wangu ndiye aliyekitenga, akasema, "Hii ni ya watoto." Majani yake yametobolewa na wadudu, lakini ndiyo tunayopika.

Sasa mama mboga amepata kazi ya kupeleka mboga kwenye shule ya chekechea, na mwenye shule amemwuliza mboga zinatoka wapi na hupigwa dawa lini. Alhamisi alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndiye ninayekuamini, niambie ukweli." Nikamwambia nitamjibu Jumatatu nikileta mzigo.

Nikisema ukweli, naona nimemwanika mume wangu na soko limekwenda. Nikinyamaza, watoto wa chekechea watakula ambacho wangu hawali. Nimefikiria kumwambia aoshe mboga kwa maji ya chumvi. Nimefikiria pia tumlipe kijana wa kibarua awe anapiga dawa, angalau mume wangu apumzike. Jirani ananishauri niripoti agroveti. Mimi naona shida kubwa ni kwamba mume wangu hajui madhara, na akipatikana mtu wa kumwelimisha ataacha. Nifanyeje?

Mama Wawili, Njiru

*

Mama Wawili, asante kwa barua iliyoeleza mambo waziwazi. Kabla ya swali la Jumatatu kuna jambo la leo, nalo ni ile chupa ya soda jikoni. Dawa nyingi za majimaji zina rangi ya njano au kahawia, na chupa ni ile ambayo mtoto anaijua kwa utamu wake. Mtoto wa miaka minne hupanda kiti. Na si mtoto tu: mgeni mwenye kiu naye atainywa. Itoeni nyumbani leo hii. Tafuteni sanduku au debe lenye kufuli, liwe nje, mahali pakavu, mbali na chakula na mbegu. Andikeni SUMU juu ya chupa kwa kalamu nzito, pamoja na jina la dawa kama mnalijua. Msiimwage chooni wala mtaroni. Maji ya huku kwenu huishia Mto Nairobi na kutoka hapo Mto Athi, na baadhi ya dawa za viwavi, hasa za jamii ya pairithroidi, huua samaki kwa kiasi kidogo mno.

Sasa nikuambie nilivyoelewa. Umeandika swali moja, la nini cha kumjibu mama mboga, lakini ndani yake kuna mengine mawili: mwili wa mume wako, na siku zilizo kati ya pampu na sokoni. Nikianza na jibu la mama mboga, nitakupa maneno ya kusema bila kitu cha kuyashikilia. Kwa hivyo niruhusu nianze na mume wako.

Kichwa, macho yenye ukungu, mate mengi, kope inayocheza, na yote haya jioni ya siku ya dawa. Jua huumiza kichwa, ni kweli, lakini jua halijazi mtu mate. Dalili hizo zikija pamoja hufanana sana na sumu ya dawa za jamii ya organofosfeti au kabameti. Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukitumia kuzima ujumbe ukishafika. Kisipofanya kazi, ujumbe hauzimiki: tezi zinaendelea kutoa mate na jasho, misuli inachezacheza, mboni ya jicho inasinyaa. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba kikizuiwa na organofosfeti, kimeng'enya hicho hurudi polepole, kwa wiki na hata miezi. Mtu akipiga dawa kila Jumamosi, ya leo inamkuta kabla hajapona ya wiki iliyopita. Ndiyo maana siku moja kiasi kilekile cha kawaida kinaweza kumwangusha.

Mpelekeni hospitali hata kama leo anajisikia vizuri. Amwambie daktari kazi anayofanya na ataje jina la dawa, kwa sababu kuna kipimo cha damu cha kimeng'enya hicho, na hakuna atakayekifikiria asipoambiwa habari za dawa. Ikitokea akapumua kwa shida, akatapika mfululizo, akaharisha, akachanganyikiwa au kutetemeka mwili, hiyo ni dharura. Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku wewe umevaa glavu, mlaze kwa ubavu, kisha mkimbizeni hospitali iliyo karibu yenye wodi ya dharura. Kwa upande wenu Mama Lucy Kibaki ni moja. Bebeni lebo ya dawa. Hospitali ina atropini, ambayo ni dawa ya sumu hii. Msimlazimishe kutapika. Maziwa yaendelee kuwa chakula, kwa maana hayaondoi sumu iliyoingia kwa ngozi wala hayaizuii. Hasara yake kubwa ni kwamba yanawapa imani ya kungoja asubuhi.

Kwa ngozi, nasema, kwa sababu huko ndiko sumu nyingi hupita. Wapigaji dawa wengi huhangaika na pua, na huku mgongo umelowa. Ngozi ya kinena na ya korodani hupitisha dawa kwa kasi kubwa kuliko ya viganja, na maji ya pampu inayovuja hushuka hukohuko. Kwa hivyo kama mna pesa ya kitu kimoja tu wiki hii, tengenezeni pampu. Tatizo mara nyingi ni mpira mdogo wa duara uliokauka au kukatika pale mrija unapoungwa. Ukishabadilishwa, jazeni maji matupu, aibebe na kuisukuma robo saa, kisha atazame shati mgongoni. Kukiwa na unyevu, isiguse dawa. Kitambaa kilicholoweshwa nacho ni cha kuachwa: kinanyonya ukungu wa dawa na kuushikilia mdomoni muda wote. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke pia. Inayozuia ni yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Glavu ziwe za mpira wa naitrili, maana za kitambaa na za ngozi hunyonya. Gambuti, na suruali ndefu ishuke nje ya gambuti ili dawa isitiririke ndani. Pua ya pampu ikiziba, asiipulize kwa mdomo. Ifunguliwe na kusafishwa kwa maji na mswaki wa zamani. Nguo zake zifuliwe peke yake, kwenye beseni ambalo halifui za watoto, na mtoto asimkumbatie baba kabla hajaoga.

Na wewe je? Katika barua yote hukujitaja. Wewe ndiye unayeingia Jumatatu alfajiri, majani yana umande, mikono mitupu, saa kama 36 baada ya pampu. Umande hulainisha dawa iliyokauka juu ya jani na kuihamishia kwenye vidole. Lebo nyingi huwa na muda wa kutoingia shambani, tofauti na ule wa kuvuna. Kama una mimba au unanyonyesha, hili lina uzito zaidi: tafiti za Marekani zilizofuatilia akina mama wajawazito na watoto wao zimehusisha organofosfeti, ikiwemo klopairifosi, na matatizo ya ukuaji wa akili ya mtoto. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha klopairifosi mwaka 2020.

Nirudi kwenye jambo uliloandika mwishoni, kwamba mume wako hajui. Naomba ulitazame tena. Mtu asiyejua hatengi mistari minne nyuma ya nyumba na kusema hii ni ya watoto. Anajua. Labda hajui jina la kimeng'enya, labda hajui kwamba kope inayocheza ni dalili, lakini jambo lenyewe analijua, na analibeba peke yake kila Jumamosi. Ukimletea mtu wa kumfundisha kwamba dawa ni sumu, atasikia anaambiwa ni mjinga au ni mtu mbaya, na atajitetea. Mimi naona kinachomfunga ni siku: kodi ina siku yake, chama kina siku yake, sukuma ina siku yake, na dawa imepewa siku iliyobaki. Mkizungumza kuhusu siku, mtakuwa upande mmoja.

Kitalu chenyewe pia, samahani kukuambia, huenda si safi kama mnavyodhani. Hatua kumi ni karibu. Upepo mdogo tu hubeba ukungu wa pampu hadi hapo, na kama ndoo ya kumwagilia ni ile inayochanganyia dawa, dawa inafika kwa mkono.

Basi tuzitazame siku. Mnachuma upande wa juu Jumatatu na wa chini Alhamisi, lakini pampu inapita shamba zima Jumamosi. Maana yake upande wa juu unapata siku 2 na wa chini siku 5. Mkihamisha siku, mkachuma kwanza ndipo mkapiga, yaani wa juu Jumatatu jioni baada ya mzigo kwenda na wa chini Alhamisi jioni, kila upande unapata karibu wiki nzima kabla ya kuguswa tena. Hakuna jani linalozeeka zaidi ya linavyozeeka sasa. Dawa yenye siku 3 za kungoja itakaa hapo kwa nafasi. Yenye siku 7 itakuwa ukingoni, kwa hivyo wiki hiyo uchumaji usogezwe hadi kesho yake. Yenye siku 14 haina mahali kwenye sukuma inayochumwa kila wiki, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Simamisheni kijiti chenye kibati kila upande, muandike tarehe ya pampu na tarehe ya kuvuna. Alhamisi msipige kukiwa na upepo wa kuelekea juu, maana huko kunachumwa Jumatatu, na acheni mistari miwili ya mpakani bila dawa.

Mpango huo una tundu moja: siku za kungoja ziko kwenye lebo, na dawa yenu haina lebo. Hapo ndipo dawa ya kupimiwa inapowagharimu. Mume wako arudi agroveti aombe kuona kopo kubwa, alipige picha kwa simu pande zote. Atafute jina la kiambato, yaani kemikali yenyewe inayoua, tarehe ya kuisha, mazao iliyoruhusiwa, siku za kungoja, na namba ya usajili inayoanza na herufi PCPB, ambayo ni ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu. Utepe wa rangi chini ya lebo unaeleza ukali wa sumu kwa mtu: nyekundu ndiyo kali zaidi, kisha njano, buluu, kijani. Lakini kijani hakimaanishi salama kwa nyuki au samaki. Mwaka 2025 serikali iliondoa sokoni makumi ya dawa, kwa hivyo dawa aliyoizoea miaka mingi inafaa kukaguliwa upya. Akikataliwa kuona kopo, hiyo ni sababu ya kutosha kununua kwingine. Zipo chupa ndogo zilizofungwa kiwandani, na kwa robo ekari hizo zinatosha.

Vifuniko viwili si kipimo, kwa kuwa kifuniko cha chupa moja si sawa na cha nyingine. Nunueni sindano ya mililita 20 kwenye duka la dawa za binadamu, isiyo na ncha, iwe ya kazi hiyo tu. Mume wako apime pia maji anayotumia: aweke kiasi anachokijua, apige eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wake wa kawaida, aone yamekwenda lita ngapi. Robo ekari ni karibu mara 10 ya eneo hilo. Yakienda lita 5, shamba lote linahitaji lita 50, na nusu yake lita 25. Watu wengi hugundua hapo kwamba walikuwa wakichanganya dawa nyingi, na iliyobaki wanairudia juu ya majani yaleyale ili isipotee.

Kuhusu dawa tatu katika pampu moja, sukuma haina haja na dawa ya madoa ya nyanya. Mara nyingine makopo mawili yenye majina tofauti yana kiambato kilekile, na mtu hupiga dozi mbili bila kujua. Zikichanganywa, siku za kungoja ni za ile ndefu kuliko zote.

Swali ambalo mume wako atakuuliza ni la viwavi. Inaelekea mnapambana na kile kiwavi kidogo cha kijani ambacho ukikigusa kinajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi, na ambacho kikiwa kidogo hula jani upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu. Nondo wake ni maarufu duniani kwa kuzoea dawa. Kila ukiongeza kali, wanaobaki ni wale wasiokufa, na pampu inaua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi hao. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, pale Kasarani, kiliachilia nyigu wa aina hiyo nchini mwaka 2002 kwa ajili ya kiwavi huyohuyo, wakitokea Taiwan. Dawa inayoua kila kitu inawaua pia. Ipo dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, iliyosajiliwa Kenya, ambayo huua viwavi wanaokula jani na kuwaacha nyigu. Ipigwe jioni, kwa sababu jua huiharibu, ifike chini ya majani, na viwavi wakiwa wadogo. Mume wako akiamka asubuhi atawaona bado wapo na kusema ni maji. Watazame vizuri: wameacha kula, na watakufa siku mbili tatu baadaye. Kwa vidukari, sabuni ya maji mililita 10 kwa lita moja inafaa ikiwagusa wenyewe, baada ya kuijaribu kwenye majani machache na kungoja siku moja. Sabuni ya unga huunguza.

Sitakuficha kwamba kuna hatari. Kuacha dawa ghafla msimu wa kiangazi kunaweza kuwapokonya zao, na hapo mume wako atarudi kwenye chupa ya soda kwa hasira. Kuanza na upande mmoja tu, ule wa kuvunwa kwa ajili ya chekechea, kunapunguza hasara na kumpa kitu cha kulinganisha.

Yale mengine uliyofikiria yana uzito tofauti. Maji ya chumvi hupunguza vumbi na sehemu ya dawa iliyo juu ya jani, na maji safi yanayotiririka hufanya vivyo hivyo. Lakini dawa zinazopenya, kama dimethoeti au imidaklopridi, ziko ndani ya jani, hazioshwi. Ukimpa mama mboga ushauri huo, utakuwa umempa kazi isiyomaliza tatizo. Kijana wa kibarua naye ana mgongo na kope kama mume wako, na pampu itavuja vilevile. Kama mtamlipa, mlipeni baada ya pampu kutengenezwa na vifaa kununuliwa. Kuripoti agroveti kuna njia yake, ofisi za Bodi ziko Loresho, Waiyaki Way, na kupimia watu dawa kwenye chupa za soda ni jambo linalostahili kusemwa. Ila pima kama mume wako anaweza kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkaguzi. Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, na ofisa wa kilimo wa kaunti anaweza kuja shambani kama mshauri, jambo ambalo huenda likampa heshima zaidi.

Tufike kwa mama mboga. Ukinyamaza, utalinda mzigo wa Jumatatu, lakini ameuliza akikushika mkono, na akija kujua baadaye atahesabu kila gunia alilowahi kuchukua kwako. Ukimwambia yote bila mume wako kujua, utakuwa umesema kweli kwa mtu mmoja huku ukimwacha mwingine aisikie chamani. Kati ya hizo kuna njia ngumu kidogo: kuzungumza na mume wako leo au kesho, kabla ya mzigo. Usianze na chekechea. Anza na kope yake. Mwambie umeona, na unaogopa. Kisha mwulize swali la kweli: alipotenga kitalu cha watoto alikuwa anawaza nini? Mwache amalize kujibu.

Mkikubaliana, jibu la mama mboga linaweza kuwa tarehe. Kwa mfano: "Upande huu ulipigwa Jumamosi, sijui siku zake za kungoja, kwa hivyo usiupeleke shuleni. Kuanzia wiki ijayo nitakuambia tarehe ya kila gunia." Mboga za Kenya zinazokwenda Ulaya hupimwa mabaki ya dawa, na mwaka 2013 ukaguzi wa maharagwe na njegere zetu uliongezwa huko kwa sababu hiyo. Sukuma ya genge la Kayole haipiti kipimo hicho, kwa hivyo tarehe yako ndiyo kinga pekee aliyo nayo mwenye shule. Inawezekana mama mboga akapunguza mzigo, na wiki mbili tatu za pesa kidogo si jambo dogo kwenu; zungumzeni na chama mapema kuhusu malipo ya mkopo kabla hayajachelewa. Inawezekana pia akaithamini mboga yenye tarehe, lakini usilifanye hilo ahadi kwa mume wako. Na asipokubali kuzungumza kabisa, bado unaweza kumwambia mama mboga kwamba mzigo huu usiende kwa watoto, bila kueleza mambo ya nyumbani.

Mkipata picha ya lebo, tuandikie jina la kiambato, rangi ya utepe na siku za kungoja zilizoandikwa. Tutakusomea kinachohusu sukuma, na kinachohusu mgongo wa baba watoto.